Mwanamke Aliyezima Taa

Picha niliyoipenda kuliko zote utotoni sikuiona kwa macho yangu mpaka nilipofikisha miaka 33. Lakini niliijua tangu nina miaka 10. Nilijua farasi wa Basanti anaitwa Dhanno. Nilijua Gabbar Singh anavyosugua tumbaku kiganjani kabla ya kuitia mdomoni. Nilijua hata ile bembea inayolia peke yake uani baada ya familia ya Thakur kuuawa, kwa sababu kaka yangu aliiliza hiyo bembea kwa koo lake, taratibu, mpaka nikamwomba aache.

Picha yenyewe ni Sholay, ya mwaka 1975, iliyoongozwa na Ramesh Sippy. Wengi wa rika langu waliokulia Pwani wataitambua ukiwaambia tu "ile ya mtu asiye na mikono." Wao waliiona. Mimi nilisimuliwa.

Tulikaa Tanga, Ngamiani, katika zile barabara zinazoitwa kwa namba. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, na mbele baraza ya saruji iliyokuwa imelainika kwa kukaliwa. Mwaka 1991 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. ITV walikuja kuanza kurusha matangazo mwaka 1994. Kwa hiyo aliyekuwa na televisheni aliinunua kwa ajili ya deki, na aliyekuwa na deki na akili ya biashara alifungua banda. La mtaani kwetu lilikuwa la mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie, mabenchi nyuma na mkeka mbele kwa watoto. Nje, chini ya mwarobaini, mwenye banda aliegemeza ubao akaandika kwa chaki picha ya siku hiyo. Hakuandika jina tu. Aliandika na aina yake, ili mtu asije kudai arudishiwe hela: la ngumi, la kivita, la Kihindi. Kiingilio cha mtoto kilikuwa shilingi 20.

Baba alisema bandani hakwendi mtoto wa kike. Alisema mara moja, na nyumbani kwetu neno la Baba halikurudiwa. Kulikuwa na giza mle ndani, kulikuwa na moshi wa sigara, na wanaume wazima. Sasa nina binti yangu mwenyewe na ninaelewa alichokuwa anakiogopa. Lakini nakumbuka pia nilivyokuwa nikitumwa mafuta ya taa, nikifika usawa wa lile banda napunguza mwendo, chupa mkononi, nasikia muziki, nasikia farasi, nasikia watu mia wanaguta kwa pamoja "Haaa!" na sijui wameona nini. Hiyo "haaa" iliniuma zaidi ya kitu kingine chochote. Ilikuwa kama kusikia harusi ukiwa nje ya ua.

Kaka yangu alikuwa na miaka 13 na alikwenda kila Jumamosi baada ya chuo. Malipo yangu kwake yalikuwa nusu ya kitumbua changu cha Jumapili asubuhi na ndoo moja ya maji ya kuoga. Kwa malipo hayo, Jumamosi usiku baada ya Isha, alinipa picha nzima.

Na hakuwa anasimulia tu, alikuwa anaicheza. Ngumi alizipiga kwenye kiganja chake mwenyewe mpaka kikawa chekundu. Bunduki ilikuwa ulimi kwenye kaakaa. Bunduki ya rashasha ilikuwa kifuniko cha sufuria na msumari. Kikubwa zaidi kilikuwa taa. Tulikaa chumbani kwa Bibi, umeme ukiwa umekatika kama kawaida, na kaka aliiweka ile taa ya chemli mbele yake na kuushika utambi kama mtu anayeshika usukani. Ikiwa kwenye picha kumekucha, aliupandisha. Kukiwa usiku, aliushusha mpaka tukabaki tunaona pua yake na meno. Mambo ya kutisha aliyasema gizani kabisa. Nimekwenda sinema zenye viti vya kulala tangu wakati huo, na sijawahi kuona giza lililotumiwa vizuri namna ile.

Kwa njia hiyo nilimjua Bruce Lee, aliyekuwa ameshafariki mwaka 1973 lakini mtaani kwetu alikuwa hai na akipigana kila mwezi. Nilimjua Van Damme. Nilimjua Arnold Schwarzenegger na ile Commando ya 1985, ambayo kwa watoto wa Ngamiani ilikuwa kama somo la lazima. Ziko nyingine nyingi ambazo zimechanganyikana kichwani, mguu wa hii umeingia kwenye kiatu cha ile, na sitajaribu kuzitenganisha.

Lakini chumbani mle alikuwamo msikilizaji wa tatu, na yeye ndiye aliyebadilisha kila kitu.

Bibi mzaa mama alikaa nasi tangu sijazaliwa. Alikuwa akisuka ukili wa mikeka. Alikaa chini, miguu ameinyoosha, mkononi miyaa iliyotiwa rangi ya zambarau na kijani, na vidole vyake havikuhitaji taa. Kwa utani wa bibi na wajukuu, kaka alikuwa "mume wangu" na mimi nilikuwa "mke mwenzangu." Mwanzoni alikuwa akisikiliza kimya. Nilidhani hasikilizi.

Jumamosi moja kaka alikuwa anatuchezea Commando. Alifika pale yule baba anapoingia peke yake kisiwani kumtafuta binti yake, anaua kikosi kizima. Kifuniko cha sufuria kinalia. Bibi akauliza, bila kuinua macho:

"Mume wangu, hao waliouawa nani aliwazika?"

"Bibi, hao ni maadui."

"Sikuuliza ni nani. Nimeuliza nani aliwazika."

Kaka hakuwa na jibu, na alikuwa mtoto asiyependa kukosa jibu. Wiki iliyofuata picha ileile ilirudiwa, kama ilivyokuwa desturi, naye alikwenda tena, akakaa mpaka maandishi ya mwisho yakapita na mwenye banda akachomoa mkanda. Akarudi akasema, "Bibi, hakuzikwa mtu. Picha imeisha wamelala vilevile."

"Haya," Bibi akasema. "Sasa umesimulia."

Kuanzia hapo hakuna picha iliyopita chumbani mle bila maswali. Yule mtoto aliyefungua mlango ni wa nani? Huyo aliyevunjiwa gari la mboga sokoni wakati wanafukuzana, alilipwa? Mama yake steringi yuko wapi, mbona hatajwi? Kaka alikasirika wiki mbili tatu za kwanza. Halafu akaanza kwenda bandani akiwa na maswali hayo tayari. Wenzake waliangalia ngumi. Yeye alikuwa akiangalia pembeni ya ngumi, kona ya kioo, kule aliposimama mtu ambaye kamera imempitia tu. Alirudi na vitu ambavyo watoto wengine waliokaa kwenye mkeka uleule hawakuviona, na shuleni walimbishia kwamba anazua.

Ndipo ikaja Sholay.

Picha ile ina zaidi ya saa tatu, na kaka alitupa kwa vipande, Jumamosi tatu mfululizo. Inaanza na gari moshi, na hilo halikuhitaji maelezo kwa watoto wa Tanga, mji ambao reli yake ilianza kujengwa mwaka 1893. Wezi wawili, Jai na Veeru, wanasafirishwa na askari, majambazi wanalivamia gari kwa farasi, na wale wezi wanafunguliwa pingu wasaidie kupigana. Jai ni Amitabh Bachchan, ambaye mtaani tulimwita Amita Bachani. Veeru ni Dharmendra. Yule askari, Thakur, baadaye anakatwa mikono yote miwili na Gabbar Singh, na ndiye anayewatafuta tena wale wezi waje kijijini kwake kumkamata Gabbar. Gabbar anakaa kwenye majabali. Kaka alisema ni mawe kama ya Amboni, na kwa kuwa wazee wa kwetu walikuwa wakitusimulia habari za Osale Otango aliyejificha katika yale mapango miaka ya 1950 wakati wakoloni wakimsaka, mimi Gabbar nilimweka palepale, kilomita chache kutoka nyumbani, na kwa mwezi mzima sikukubali kutumwa mbali jioni.

Halafu kulikuwa na hili la Basanti. Basanti ni msichana muongeaji sana anayeendesha kigari cha farasi cha kubeba abiria, na kigari hicho kwa Kihindi kinaitwa tanga. Kaka alikuwa amelisikia neno hilo kwa masikio yake bandani. Alisema banda zima liliruka: "Wametutaja! Wametutaja!" Bibi alicheka mpaka ukili ukamponyoka. Miaka mingi niliamini kwamba huko India kuna msichana anayeujua mji wetu.

Jumamosi ya pili ndiyo ninayoitaka.

Kaka alikuwa anakimbilia vita. Alisema wale vijana sasa wanakaa nyumbani kwa Thakur, wanajiandaa, Jai ana kinanda chake cha mdomo anapiga usiku, kuna na mwanamke amevaa nyeupe anazima taa, basi asubuhi yake majambazi wakaja...

"Nani anazima taa?" Bibi akauliza.

"Mwanamke tu, Bibi. Mkwe wa Thakur. Mumewe aliuawa. Hana maana kwenye picha, hasemi hata neno."

Vidole vya Bibi vikasimama. Sikuwa nimewahi kuviona vimesimama, isipokuwa wakati wa kula na kuswali.

"Hana maana vipi?"

Kaka akanyamaza.

"Mjane, amevaa nyeupe, anazima taa usiku, na mwanaume yuko nje anapiga kinanda. Na wewe unaniambia hana maana." Alijifungua pindo la kanga, palipofungwa hela zake, akatoa sarafu na kuzihesabu kwa kuzipapasa mpaka zikatimia shilingi 20. "Nenda kaniangalizie yule mwanamke. Vita utanisimulia siku nyingine."

Mikeka ya Bibi haikuwa na bei kubwa. Shilingi 20 za kuangalia mtu asiyesema neno zilikuwa hela nyingi. Kaka alizipokea kwa mikono miwili.

Jumamosi iliyofuata alirudi tofauti. Hakuanza kwa kelele. Aliuvuta utambi chini, akakaa muda, kisha akaanza kusema polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Alisema nyumba ya Thakur ina roshani juu. Kila usiku yule mwanamke, Radha, anatoka pale juu kuzima taa, moja baada ya nyingine, anatembea kutoka hii kwenda ile. Chini, kwenye ngazi za kibanda cha wageni, Jai amekaa anapiga kinanda cha mdomo. Radha anamsikia. Jai anajua anasikiwa. Hawaongei. Taa ya mwisho anachelewa kuizima. Kisha anaizima.

Hapo kaka akaipuliza chemli ikazimika kabisa.

Tukakaa gizani. Nje mtu alipita na baiskeli, na baiskeli Tanga ni kama miguu ya pili, hapiti mtu asiye nayo. Bibi akasema kutoka gizani kwake:

"Mimi babu yenu aliponifia nilikaa eda yangu nyumba ileile ya Barabara ya 9. Miezi minne na siku kumi. Kila magharibi kulikuwa na mtu akipita na baiskeli. Akifika dirishani kwangu anapiga kengele mara moja. Hasimami, hageuki. Mara moja tu, na anakwenda zake."

Hatukuwa tumewahi kumsikia akizungumza habari za mwaka ule. Babu alikuwa kuli bandarini, alifariki mwaka 1968, na zaidi ya hapo hatukujua kitu. Niliuliza, "Alikuwa nani, Bibi?"

"Alikuwa na kengele nzuri," akasema. Na baada ya muda: "Haya, mume wangu, washa taa. Endelea."

Nilikuwa na miaka 10, lakini nilijua kwamba kitu kikubwa kimepita chumbani. Nilijua pia kimefika kwa sababu kaka alirudi kumwangalia mtu aliyekuwa amempita. Laiti angeng'ang'ania vita vyake, Bibi angekwenda nayo hiyo kengele kaburini.

Mwisho wa picha tuliusikia usiku huohuo. Kaka alisema vita vilikuwa vikali, darajani, Jai alipigwa risasi lakini haikumpata pabaya. Gabbar akashindwa. Baba yake Radha na Thakur wakakubaliana kwamba yule mjane aolewe tena, na Jai akamuoa. Siku ya harusi Veeru akamnyang'anya Jai ile sarafu yake aliyokuwa akiirusha kila wanapotaka kuamua jambo, akaigeuza, akakuta pande zote mbili ni sawasawa. Kumbe siku zote Jai alikuwa akishinda kwa makusudi. Wakacheka wote.

Bibi akauliza, "Harusini walipika nini?"

"Pilau."

"Pilau ya nini?"

Kaka akafikiri kidogo. "Ya mbuzi."

"Vizuri," Bibi akasema, akarudi kwenye ukili wake.

Shuleni Jumatatu kulikuwa na ugomvi. Mvulana mmoja alisema Thakur alimuua Gabbar kwa kumkanyaga na viatu vyenye misumari. Mwingine alisema si kweli, polisi walifika wakamchukua. Walikaribia kupigana. Lakini wote wawili walikubaliana kwamba Amita Bachani amekufa, na hilo lilinishtua, nikamkimbilia kaka. Akaniambia bila kupepesa jicho kwamba mikanda iko ya aina mbili. Wao wameona ile mbovu. Na mtaani sote tulijua sheria kwamba steringi hauawi. Nikaridhika.

Nilisomea uuguzi, na kazi hiyo ndiyo ninayoifanya mpaka leo. Sijawahi kumwambia mtu kazini kwamba nilifundishwa nusu ya kazi hii na picha ambazo sikuziona. Tunapokabidhiana zamu, taarifa inakuja ikiwa na steringi wake: mgonjwa wa kitanda fulani, mguu umevunjika, ajali ya bodaboda, amepewa dawa hii na hii. Yote ni kweli na yote ni ya lazima. Lakini kichwani kuna mtu anasuka ukili na anauliza, na huyo mwingine, aliyesimama kona ya kioo, ni nani?

Mara moja, katika hospitali niliyofanyia kazi miaka ya mwanzo, kwenye benchi la nje kulikuwa na mama mtu mzima amekaa tangu jana yake. Kila mtu alipita. Mimi nilipita mara mbili. Mara ya tatu nikamwamkia, nikakaa pembeni yake. Alikuwa mama wa yule kijana wa mguu. Alikuwa ametoka Pangani, hakuwa ameambiwa wodi, na alikuwa akiogopa kuuliza kwa sababu alidhani akiuliza ataambiwa mwanawe amekufa. Amekaa pale na hofu yake siku nzima na usiku kucha, na mwanawe yuko hatua 30 ndani, anakula uji. Nilimshika mkono nikampeleka. Alipomwona hakulia. Alimrekebishia shuka.

Sitaki kudai nimefanya kikubwa, ni hatua 30 tu. Ninachosema ni kwamba kama kaka asingerudishwa bandani kwa shilingi 20 za mkeka, sidhani kama mara ya tatu ningesimama.

Mwaka 2014 mwenzangu mmoja wa zamu alikuwa na Sholay kwenye kompyuta yake ndogo. Nilimwazima usiku mmoja wa mapumziko, nikafunga mlango, nikazima taa ya chumba. Nilikuwa na furaha na woga kama mtu anayekwenda kukutana na ndugu aliyekuwa akiandikiana naye barua tu. Na vyote vilikuwamo! Gari moshi, tumbaku, bembea. Basanti alipolitaja neno tanga nilipiga makofi peke yangu. Kulikuwa na mzee kipofu, imamu wa kijiji, ambaye mwanawe kijana anauawa na Gabbar, na maiti inaletwa juu ya farasi, watu wote wananyamaza, naye anauliza mbona kumekuwa kimya. Hapo nilisimamisha picha nikapumzika. Kaka alikuwa ametusimulia hilo neno kwa neno, na Bibi alikuwa ameinua mikono akamsomea fatiha yule kijana wa kwenye picha.

Na taa. Zilikuwa vilevile alivyozisema. Roshani, nguo nyeupe, kinanda cha mdomo, taa ya mwisho inayochelewa.

Halafu darajani Jai akapigwa risasi, na akafa. Anafia mikononi mwa Veeru. Sarafu Veeru anaiona pale, siyo harusini; anaigeuza, anaelewa kwamba mwenzake alibaki nyuma kwa makusudi, anaitupa. Hakuna harusi. Radha anamtazama akichomwa kwa desturi yao, kisha anafunga dirisha.

Nilimpigia kaka usiku uleule, ilikuwa karibu saa 8. Aliitikia kwa hofu, kama anavyoitikia yeyote akipigiwa saa hizo.

"Kaka, Jai amekufa."

Kimya. Nikasikia anainuka kitandani, anatoka nje ili asimwamshe mkewe.

"Najua," akasema.

"Ulituambia ameoa."

"Ulitaka nimwambie Bibi nini?" Sauti yake ilikuwa ya yule mtoto wa miaka 13 kabisa. "Ametoka kutusimulia ile ya baiskeli. Ametoka kuisema muda uleule. Nimwambie yule mjane alifunga dirisha?"

Mimi wodini sidanganyi. Mtu akiniuliza jambo la mgonjwa wake namwambia, kwa upole lakini namwambia, na nimeshuhudia uongo wa huruma ulivyoumiza watu baadaye. Kwa hiyo usiku ule nilijaribu kumkasirikia na nikashindwa. Alikuwa amewaangalia watu wawili kwa pamoja, mmoja kwenye kioo na mmoja kwenye mkeka, na akachagua wa kwenye mkeka. Bibi alikuwa amefariki mwaka 1999 akijua, nilivyodhani mimi, kwamba Radha aliolewa.

Jambo la mikanda ya aina mbili, kumbe, halikuwa la kubuni kabisa. Ramesh Sippy alipiga mwisho ambao Thakur anamuua Gabbar kwa viatu vya misumari. India ilikuwa chini ya hali ya hatari mwaka ule wa 1975, na wakaguzi wa filamu hawakutaka kuonyesha aliyekuwa ofisa wa polisi akijichukulia sheria mkononi, ikabidi mwisho upigwe upya, polisi wafike na kumkamata. Wale wavulana wawili wa shuleni wangepatanishwa kwa maelezo hayo. Mwaka 2025, ikitimiza miaka 50, picha ile ilisafishwa na kurudishiwa mwisho wake wa kwanza, ikaonyeshwa Bologna, Italia. Lakini katika mwisho wa aina zote mbili Jai anakufa. Harusi ilikuwa kwenye mkanda wa kaka peke yake.

Habari hiyo ya Bologna ndiyo iliyotukutanisha nayo tena. Tulikuwa nyumbani kwa Mama mwaka huohuo, sikukuu, tumekaa kwenye baraza ileile, kaka ananionyesha kwenye simu. Mama, ambaye kwa umri wake siku hizi husikia anachotaka kusikia, akauliza tunacheka nini. Kaka akamwambia ni picha la zamani la Kihindi. La mtu asiye na mikono.

"Aa, lile," Mama akasema. "Nililiona Majestic, na mama. Nilikuwa na mimba yako wewe."

Kaka alikuwa anamenya chungwa. Kisu kikasimama.

"Na mama yupi?" akauliza.

"Mama yangu, bibi yenu. Nani mwingine angenipeleka sinema na tumbo lile? Nakumbuka kwa sababu alilia. Yule kijana mrefu alipokufa, mama alilia mpaka nikaona haya, watu wanatuangalia. Njia nzima ya kurudi hakusema neno."

Mama akaendelea na habari ya buibui alilovaa siku ile, na jinsi viti vya Majestic vilivyokuwa vikibana. Kaka alikuwa ameshika chungwa lililomenywa nusu, ganda linaning'inia, maji yanamtiririka kifundoni, haoni. Mimi nilikuwa nahesabu. Bibi alikuwa ameshaiona picha miaka zaidi ya kumi kabla ya usiku ule. Alijua taa, alijua daraja, alijua dirisha. Alitoa shilingi 20.

"Aliniuliza pilau ya nini," kaka akasema.